Usiku Ambao Tanga Haikuwa na Askari

Hotuba niliyoitoa Tanga mbele ya wakazi na wanafunzi, katika kukumbuka mapigano ya Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipojaribu kuutwaa mji huu kutoka kwa Wajerumani. Nimeiandika karibu kama nilivyoitamka.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, walimu wenzangu, nanyi vijana mliojipanga kule nyuma, nawasalimu nyote na nawashukuru kwa kuja.

Naomba tuanze na usiku mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1914, mji wetu huu haukuwa na askari hata wa kuhesabika. Jeshi la Mjerumani lililokuwa limeupigania mchana kutwa lilikuwa limeondoka. Tarumbeta ilipigwa jioni, mlio wake ukaeleweka vibaya, kombania moja ikadhani ni amri ya kurudi nyuma, nyingine zikafuata, na giza lilipoingia karibu wote walikuwa Kange, kilomita kadhaa magharibi ya mji. Waingereza nao walikuwa upande wa pili, wamejibanza Raskazone, ile rasi iliyo kando ya mji, wakihesabu waliopotea, wakiamini kwamba Tanga imejaa adui. Hawakutuma hata watu kumi waje kuchungulia. Katikati ya majeshi hayo mawili ulikuwepo mji, milango imefungwa, hauna wa kuulinda na hauna wa kuutwaa.

Kesho yake Waingereza walipanda meli zao wakaondoka.

Nimefundisha historia miaka mingi, na kila nikifika hapo wanafunzi hunyanyua mikono. Mwalimu, kwa nini hawakuingia? Wangeingia ingekuwaje? Nilikuwa nikiwajibu kwamba historia haishughuliki na "lau". Leo naona nilikosea kuwanyima jibu. Swali la "lau" lina kazi yake, linatuonyesha ni wapi mtu alikuwa na hiari na ni wapi hakuwa nayo. Kwa hiyo leo nataka kulijibu kwa ukamilifu kadiri nilivyojaliwa kulielewa.

Tuanze na waliokuja. Meli 14 za askari zilitoka Bombay katikati ya Oktoba 1914 zikiwa na watu wapatao 8,000, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Wengi wao walikuwa Wahindi, na pamoja nao kikosi kimoja cha Waingereza kutoka Lancashire. Msidhani wote walikuwa askari wa namna moja. Watu wa Kashmir walikuwa wamezoea vita vya milimani na hapa Tanga walipigana kwa ushujaa. Lakini vilikuwemo vikosi ambavyo havikuwa vimeona vita kwa muda mrefu, na wapo waliogawiwa bunduki mpya muda mfupi kabla ya safari, hawajapata hata nafasi ya kuzizoea. Wakakaa melini majuma kadhaa, joto, kichefuchefu cha bahari, chakula wasichokizoea. Mtu wa namna hiyo unamshusha ufukweni usiku, kwenye matope ya mikoko, unamwambia apigane alfajiri.

Walipopita Mombasa walipewa nafasi ya kuchukua askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, vijana wa huku huku waliojua kutembea porini na kusikiliza pori. Aitken alikataa. Aliamini kwamba askari Mwafrika hana uzito wa kumsimamisha. Na hao waliokuwa wakimngoja Tanga walikuwa nani? Waafrika, chini ya maofisa wachache wa Kijerumani.

Sasa sikilizeni saa zilivyokwenda. Tarehe 2 Novemba, saa moja asubuhi, manowari ya Fox iliingia bandarini peke yake. Nahodha wake, Caulfeild, alimwita bwana mkubwa wa wilaya, Auracher, akamwambia kwamba mapatano ya kutoshambulia mji yamekwisha, akaipa Tanga saa moja ishushe bendera. Akauliza pia kama bandari imetegwa mabomu ya majini. Haikutegwa. Akaaminishwa kwamba imetegwa. Zikapita saa tatu, bendera inapepea vile vile, na Fox ikatoka kwenda kuzileta meli nyingine. Auracher alikwishapeleka simu ya waya Moshi.

Asubuhi ile Tanga ilikuwa na kombania moja na polisi wachache. Kombania moja! Lau Aitken angeshusha watu wake mchana ule ule, hata nusu yao, hata robo, pale pale gatini, jioni angekunywa chai kwenye jumba la Boma. Badala yake siku ilikwisha katika kutafuta mabomu ambayo hayakuwepo, na usiku wakaanza kushushwa Raskazone, mbali na mji. Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Kwa maana upande wa pili kulikuwa na reli. Reli ya Usambara ilikuwa imefika Moshi miaka michache tu nyuma, na Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Mjerumani, alikuwa huko Moshi na sehemu kubwa ya watu wake. Vichwa vya treni vilikuwa vichache, behewa chache, kombania zikawa zinapakiwa moja moja na kuteremshwa bondeni. Kila saa iliyopotea huku pwani ilikuwa ni behewa jingine linalopita Korogwe.

Mwaka mmoja niliwachukua wanafunzi wangu tukatembea kutoka ufukwe wa Raskazone hadi stesheni. Nilitaka wapime kwa miguu yao. Tulikwenda polepole, tukinunua machungwa njiani, na hatukumaliza saa moja na nusu. Msichana mmoja alisimama karibu na reli akaangalia tulikotoka, akaniuliza, "Yaani ni hapa tu?" Ndiyo, mwanangu, ni hapa tu. Kwa mwendo huo mfupi jeshi la watu 8,000 lilitumia siku tatu, na halikuumaliza.

Alfajiri ya tarehe 3 vikosi viwili vya kwanza vilijaribu kuingia mjini, vikarudishwa nyuma na wale wachache waliokuwepo. Siku hiyo yote ikaenda katika kushusha waliobaki. Usiku wake Lettow mwenyewe akafika. Akapanda baiskeli akiwa na wenzake wachache, akapita kwenye mitaa mitupu, akaenda karibu kabisa na Raskazone akaziona meli zinawaka taa na kusikia kelele za watu wakipakua mizigo. Gavana wake, Heinrich Schnee, alikuwa ameagiza mji usiingizwe katika hatari ya kupigwa makombora. Lettow alijua kwamba akishindwa hatasamehewa. Mnaona? Hata yule aliyeshinda alikuwa akipiga bao asilolijua mwisho wake.

Shambulio kubwa lilikuja tarehe 4, mchana, jua kali. Waingereza walisogea kwa mstari mrefu kupitia mashamba ya minazi na mipira, mahindi na vichaka, ambamo mtu hamwoni mwenzake wa hatua kumi. Mizinga ya manowari haikuwasaidia sana kwa sababu hata wapiga mizinga hawakuona wanakopiga. Upande wa kulia, kando ya bandari, watu wa Kashmir na wa Lancashire walipenya wakaingia mjini kabisa, wakapigana nyumba kwa nyumba hadi jumba la forodha. Upande wa kushoto vikosi vilianza kulegea, watu wakikimbia, maofisa wakiwafukuzia warudi. Kisha Lettow akatupa kombania zake za akiba ubavuni, pale mstari wa Waingereza ulipoishia, na mstari ukakunjika.

Na nyuki? Najua mnaningoja hapo. Wakati ule ilikuwa kawaida kutundika mizinga ya magogo mitini, kama inavyofanywa hadi leo kule vijijini. Risasi ziliipasua, nyuki wakatoka. Kikosi kimoja cha Kihindi kiliumwa hadi kikatawanyika. Kiswahili chetu kinaita "mzinga" lile bomba la manowari na lile gogo la nyuki, na siku ile mizinga ya mitini ilifanya kazi kuliko ya baharini. Lakini nataka niseme wazi, kwa kuwa hadithi hii imezidi kusimuliwa kana kwamba nyuki ndio walioiokoa Tanga. Nyuki waliuma pande zote mbili. Wajerumani nao waliumwa. Ipo pia hadithi kwamba Mjerumani aliwatega makusudi kwa nyuzi, na huo ni uzushi. Waliowashinda Waingereza ni askari Waafrika waliokaa imara vichakani, na ni jambo la kusikitisha kwamba kwa miaka zaidi ya mia watu wameona ni rahisi kumsifu mdudu kuliko kumsifu Mnyamwezi au Mmanyema aliyeshika bunduki.

Jioni ikafika, tarumbeta ikalia, na tukaingia kwenye ule usiku niliouanzia.

Hesabu ya vifo: upande wa Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, na kati yao 360 hivi walikufa. Upande wa Wajerumani walikufa kama 70, wengi wao Waafrika. Mmoja wa maofisa waliouawa ni Tom von Prince, ambaye babu zetu walimwita Bwana Sakarani, yule yule aliyemsaka Mkwawa kule Uhehe. Aitken akashushwa cheo. Hayo yanatosha kuhusu majenerali.

Sasa "lau" yetu. Lau wangeingia ule usiku wa tarehe 4, ingekuwaje?

Wapo wanaosema isingebadilisha kitu. Hoja yao ina nguvu, nami niliishikilia kwa muda mrefu. Wanasema: Waingereza waliichukua Tanga mwezi Julai 1916, wakaichukua Dar es Salaam Septemba mwaka ule ule, na vita havikwisha. Lettow alirudi kusini, akapigana Mahiwa, akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji, akazunguka hadi Rhodesia ya Kaskazini, akaweka silaha chini Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya Ulaya kunyamaza. Mtu kama huyo, wanasema, ungemnyang'anya bandari moja angejali nini?

Lakini Lettow wa 1916 alitengenezwa na Tanga ya 1914. Fikirini vitu alivyopata hapa. Waingereza walipoondoka waliacha ufukweni risasi 600,000, bunduki mamia, bombomu, yaani bunduki za rashasha, na nguo na simu. Kabla ya hapo askari wake wengi walikuwa na bunduki za kizamani ambazo ukipiga zinatoa moshi mzito na kumwonyesha adui ulipolala. Bunduki za Tanga zilitosha kuzipa kombania tatu silaha za kisasa. Miezi miwili baadaye, Januari 1915, alipigana Jasini, mpakani karibu na Vanga, akatumia risasi 200,000 kwa siku mbili, na ikamlazimu abadilishe mbinu zake kwa kuhofia zitamwishia. Pigeni hesabu wenyewe. Ghala la Tanga lilikuwa ni Jasini tatu. Aprili 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens ilipenya ikafika ghuba ya Manza, hapo kaskazini yetu, ikiwa na silaha zaidi. Ingepenya vipi lau Tanga ingekuwa na manowari za Kiingereza?

Na kuna kitu kisichopimwa kwa kilo. Kabla ya Tanga, gavana Schnee alikuwa na sauti. Alitaka koloni likae nje ya vita. Baada ya Tanga, nani angemsikiliza? Lettow akawa shujaa, na walowezi waliokuwa wakisitasita wakajipanga nyuma yake. Naamini kabisa kwamba lau angeshindwa hapa, miezi mitatu tu tangu vita vianze, asingekuwa na jeshi la kuzungukia nusu ya Afrika Mashariki kwa miaka minne.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Mambo yangekwenda vingine.

Lakini ndugu zangu, siwezi kuishia hapo, maana nitakuwa nimeonekana natamani Mwingereza angeshinda. Sitamani. Wala simshangilii Mjerumani. Maji Maji ilikuwa imezimwa mwaka 1907, miaka saba tu kabla ya Tanga, na aliyeizima kwa njaa na moto ni dola ile ile ambayo bendera yake ilikuwa ikipepea hapo Boma. Hakuna upande wetu katika vita ile. "Lau" ninayoitamani mimi iko nyuma zaidi, mwezi wa Agosti.

Agosti 1914 yalikuwepo mapatano. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, ule ule uliotugawa, ulikuwa na vifungu vinavyoruhusu makoloni ya eneo hili yakae bila kuegemea upande Ulaya ikipigana. Schnee aliutegemea. Manowari za Kiingereza zilipokuja Dar es Salaam na baadaye hapa Tanga, manahodha waliafikiana na maofisa wa miji: msitushambulie, hatutawashambulia. Mapatano ya karatasi, yenye saini. Wakubwa wa jeshi la majini kule London walikataa kuyathibitisha. Lettow naye aliyachukia tangu siku ya kwanza, na katikati ya Agosti watu wake walikwishavuka mpaka na kuiteka Taveta. Kila upande uliyaona mapatano yale kuwa ni kamba inayomfunga mikono. Nahodha Caulfeild alipokuja tarehe 2 Novemba, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuyatangaza kuwa yamekufa.

Pale ndipo palikuwa na hiari. Watu wanne au watano, wenye kalamu mkononi.

Kwa nini naling'ang'ania hili? Kwa sababu ya waliolipa. Vita ya huku haikuwa na barabara, na ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga, kila machela, vilibebwa kichwani. Waingereza walichukua wapagazi wanaokaribia milioni moja kutoka nchi zote za huku. Kwa hesabu za serikali yao wenyewe walikufa zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, kwa malaria, kwa kula mahindi yasiyoiva, kwa baridi ya milima watu wa pwani wasiyoizoea. Wajerumani nao waliwachukua wapagazi kwa nguvu, na jeshi lao lililokuwa likirudi nyuma lilikula chakula cha kila kijiji lililopita. Ugogoni njaa iliyofuata inaitwa Mtunya hadi leo. Wanahistoria wanakadiria iliua kama watu 30,000. Kisha mwaka 1918 ikaja homa ya mafua ikawakuta watu mifupa mitupu.

Mnapokwenda Dar es Salaam mnashuka Kariakoo. Ukienda Nairobi kuna Kariokor. Ni neno moja, ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi, limetamkwa na ndimi zetu. Walipiga kambi pale. Tunanunua nyanya juu ya kambi yao.

Na pale katikati ya Dar es Salaam ipo sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanawaahidi waliokufa kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Nimesimama chini ya sanamu ile mara nyingi. Majina hayapo. La Aitken linajulikana, la Lettow linajulikana, hata la baiskeli yake karibu lingejulikana. Wahindi waliokufa Raskazone angalau kuna mahali vikosi vyao vimeandikwa. Ila mtu aliyetolewa Handeni mwaka 1917 na gunia kichwani, akafia njiani kuelekea Rufiji, nani aliandika?

Miaka iliyopita mzee mmoja wa Pongwe, Mungu amrehemu, alinitajia babu yake aliyechukuliwa shambani akiwa ameshika jembe. Mkewe aliliokota lile jembe akalitundika ukutani, ndani, juu ya kitanda. Lilikaa hapo hadi mpini ukaliwa na mchwa. Mzee alinitajia jina la babu, nikatikisa kichwa nikasema nitaliandika nikifika nyumbani. Sikuliandika. Nilipolitafuta kichwani baada ya mwaka sikulipata, na mzee alikuwa ameshazikwa. Hilo linaniuma hadi leo kuliko kosa lolote nililowahi kufanya darasani.

Basi hapa mezani nimeweka daftari. Limepigwa mistari: jina, kijiji, nani alisimulia. Yeyote ambaye kwao kuna babu au babu wa babu aliyechukuliwa na Mjerumani au Mwingereza akabebeshwa mzigo, awe alirudi au hakurudi, naomba apite hapa aliandike kabla hajatoka. Asiyekuwa na uhakika apige simu nyumbani sasa hivi, ampigie bibi, ampigie shangazi, amuulize. Nitakaa hapa mpaka wa mwisho aandike. Kalamu zipo tatu.